Ukoko Ndani ya Nikeli

Kazi yangu ya kwanza ya kemia ilikuwa kukwangua chungu cha Dani. Dani ni nyanya, mama yake baba. Alipika chang'aa nje ya mji wa Awendo, Kaunti ya Migori, nyuma ya mashamba ya miwa ya kiwanda cha sukari cha Sony, na pesa hizo ndizo zilizonisomesha hadi kidato cha nne. Kangara, ule mchanganyiko wa kuchachishwa, aliitengeneza kwa molasi na sukari nguru. Ikishachacha na povu kutulia, aliimimina katika chungu kikubwa juu ya mafiga, akaweka bakuli juu ya jiwe katikati, akafunika mdomo wa chungu kwa karai la maji baridi na kuziba ukingo kwa udongo. Mvuke ulipanda, ukagusa tako la karai, ukageuka matone, nayo matone yakaangukia bakulini. Maji ya karai yakipata moto, mimi ndiye niliyeyabadilisha.

Jioni, machicha yakishamwagwa, zamu yangu ya kweli ilifika. Chini ya chungu palikuwa na ukoko. Usidhani ni ule ukoko wa wali ambao watoto hugombania. Huu ulikuwa gamba jeusi la sukari iliyoungua, gumu kama lami iliyolala barabarani miaka mitatu. Nilisugua kwa mchanga na gunzi la mahindi hadi vidole vikawaka. Nikifanya uvivu, Dani alijua kesho yake bila hata kuchungulia, maana kuni zilikwenda nyingi na matone yakachelewa. “Nyakwara,” aliniambia, yaani mjukuu wangu, “chungu kikivaa koti hakisikii moto.”

Sheria ya mwaka 2010 iliruhusu chang'aa kwa wenye leseni. Dani hakuwahi kuwa nayo, lakini ameshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo naandika haya bila kumwogopa chifu.

Siku hizi nafundisha kemia katika shule ya sekondari upande wa Homa Bay, nilikoolewa. Mwaka 2023 serikali ilizindua mkakati wake wa haidrojeni ya kijani, ile inayopatikana kwa kupasua maji kwa umeme wa mvuke wa ardhini, jua na upepo, na lengo mojawapo kubwa ni kutengenezea mbolea humu nchini. Nilipoufafanulia darasa, mvulana mmoja wa nyuma akainua mkono. “Mwalimu, mbona wahangaike na umeme? Si waitoe kwa chang'aa?” Darasa lilicheka hadi mwalimu wa chumba cha pili akachungulia dirishani. Mimi sikucheka. Nilichukua chaki.

Hesabu yake ni hii. Gramu 46 za ethanoli, ambayo ndiyo kileo chenyewe, ukizichanganya na gramu 54 za maji na kuupitisha mvuke wake mahali penye joto kali na kichocheo kinachofaa, unaweza kupata gramu 12 za haidrojeni na gramu 88 za hewa ya ukaa. Jumla ya kuingia ni 100 na jumla ya kutoka ni 100. Ya kupendeza zaidi ni kwamba nusu ya haidrojeni hiyo inatoka kwenye maji, wala si kwenye kileo. Petroli haivumilii maji, ndiyo maana ethanoli ya kuchanganya na petroli lazima ikaushwe hadi tone la mwisho, kwa gharama kubwa. Kwa haidrojeni, maji ni sehemu ya mapishi. Kileo cha asilimia 46 kwa uzani ndicho kinachotakiwa na hesabu, na chang'aa ya Dani, ile ya bakuli la kwanza, sidhani kama ilikuwa mbali na hapo.

Basi mvulana alikuwa na haki ya kuuliza: miwa ipo Awendo, ipo Ndhiwa, molasi husafirishwa kwa malori mchana na usiku, na kupika kileo hakuna wa kutufundisha. Kiwanda cha haidrojeni kiko wapi?

Jibu ninalo tangu chuo kikuu, na lilinigharimu mwaka mzima wa mradi. Kupata haidrojeni kutoka ethanoli ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kuipata tena kesho, na kesho kutwa, kwa kichocheo kilekile, hapo ndipo kazi ilipo.

Vitabu vyetu vya shule vinasema kichocheo ni kitu kinachoharakisha mmenyuko wa kemikali bila chenyewe kutumika. Sentensi hiyo nimeifundisha mara nyingi na kila mara naona haya kidogo. Kwenye karatasi ni kweli. Ndani ya bomba, kichocheo huzeeka na kufa kama ng'ombe wa kulimia, na kinachokiua ni kazi yenyewe.

Bomba langu lilikuwa la chuma cha pua, unene wake kama kidole gumba. Ndani nilijaza punje za alumina, oksidi ya alumini, nyeupe kama udongo uliochomwa, yenye vitundu visivyohesabika, nikazipaka nikeli katika chembe ndogo mno. Nikeli ndiyo inayochaguliwa mara nyingi kwa kazi hii kwa sababu ni ya bei nafuu na ina nguvu za kukata kile kifungo cha ethanoli kinachoshika kaboni moja na nyingine. Tanuri la umeme lililizunguka bomba kwa nyuzi 500. Upande mmoja pampu ilisukuma mchanganyiko wa ethanoli na maji, upande wa pili nikapokea gesi.

Siku ya kwanza haidrojeni ilitoka kwa wingi hivi kwamba nilimpigia Dani simu kumweleza, akaniuliza kama inanyweka. Siku ya pili ilipungua, na mlangoni mwa bomba nikasikia harufu kali ya matunda yaliyoiva kupita kiasi. Hiyo ilikuwa asetaldehidi, ethanoli iliyopita bila kumalizwa, kama mteja aliyetoka kwa kinyozi na kichwa nusu. Siku ya tatu mshale wa shinikizo ulianza kupanda, pampu ikaunguruma, tukazima mtambo. Tulipolifungua bomba, unga mweusi mwepesi ulikuwa umejaa hadi mlangoni, na baadhi ya punje zilikuwa zimepasuliwa vipandevipande kana kwamba mtu alizigonga na nyundo. Msimamizi wangu alisema nimefanikiwa kutengeneza makaa. Nilitazama lile bomba nikamkumbuka Dani na koti la chungu chake.

Ukoko wa namna hii una njia nyingi za kuzaliwa, na moja wanafunzi wangu huiona kwa macho yao. Katika jaribio la kawaida la kemia ya sekondari tunapitisha mvuke wa ethanoli juu ya alumina iliyopashwa moto na kukusanya gesi juu ya maji. Gesi hiyo ni ethilini. Ukiitikisa na maji ya bromini, rangi yake inapotea. Wanafunzi hufurahia rangi kupotea, mimi huwaambia watazame alumina. Ilianza nyeupe kama unga wa muhogo. Pale moto ulipokuwa mkali zaidi imeshakuwa ya hudhurungi, na katikati ni nyeusi.

Kisa chenyewe ni kwamba alumina ina madoa ya asidi usoni mwake, na madoa hayo huinyang'anya ethanoli maji yake. Kinachobaki ni ethilini, gesi ileile inayoivisha ndizi za Kisii zikifungiwa gunia moja na zilizotangulia kuiva. Ethilini haipendi upweke. Ikipata uso wenye joto hushikana na mwenzake, na mwenzake na mwingine, minyororo inarefuka, inapoteza haidrojeni yake kidogokidogo, mwishowe inabaki kaboni tupu. Yaani ile alumina niliyoichagua iibebe nikeli yangu ndiyo iliyokuwa ikiipikia ukoko. Nilimpa mgonjwa kitanda chenye kunguni.

Njia nyingine inapitia kaboni monoksidi, gesi ya jiko la makaa inayowaua watu waliolala wamefunga madirisha. Nayo huzaliwa ndani ya bomba. Molekuli mbili zake zikikutana juu ya nikeli, moja humpa mwenzake oksijeni yake. Mwenzake huondoka akiwa hewa ya ukaa, naye aliyetoa hubaki pale pale akiwa kaboni, hana pa kwenda. Methani nayo, joto likizidi, huvunjika na kuacha kaboni. Na ile asetaldehidi niliyoinusa hujiunga na wenzake kuwa molekuli nzito zinazoganda kama lami.

Ukoko wenyewe haufanani. Kuna ule unaotanda juu ya chembe ya nikeli kama utando juu ya uji uliopoa. Huo hauhitaji kuwa mwingi: tabaka jembamba sana linatosha kuifunika chembe, na ethanoli ikipita juu yake haioni nikeli. Huzaliwa zaidi joto likiwa la chini. Wa pili ulinishangaza nilipouona kwa mara ya kwanza kwenye picha ya hadubini ya elektroni, na bado unanishangaza. Kaboni huyeyuka ndani ya nikeli, kama sukari ndani ya chai, ikasafiri kutoka upande mmoja wa chembe hadi upande wa pili, ikachomoza huko ikiwa unywele. Unywele unarefuka, unaing'oa chembe ya nikeli kutoka kitandani mwake na kuinyanyua juu, ikakaa kwenye ncha kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Maajabu ni kwamba nikeli hiyo iliyobebwa juu juu inaendelea kufanya kazi. Ukipima haidrojeni tu, utadhani mambo ni shwari. Wakati huohuo msitu wa nywele unaota, unajaza kila nafasi kati ya punje, unazipasua kutoka ndani jinsi mzizi wa mgumo unavyopasua ukuta, hadi siku bomba linapoziba. Bomba langu lilikufa hivyo. Kipimo cha gesi kilinionyesha haidrojeni ikipungua tu, hakikunionya kuwa bomba linaziba. Kipimo cha shinikizo ndicho kilichosema kweli, na sikukitazama mapema.

Ukisoma hadi hapa utasema, basi ongeza joto ukoko uungue, au ongeza maji. Yote mawili yana ukweli. Mvuke wa maji hula kaboni na kuigeuza gesi, na ukiwa mwingi kuliko hesabu ya 46 kwa 54 unasaidia sana. Lakini maji yote hayo lazima yachemshwe, na anayelipia kuni za kuchemsha maji yasiyo na kazi nyingine ni mwenye kiwanda. Joto nalo lina kisasi chake.

Mama mkwe wangu hupika supu ya ngege hapa kando ya ziwa. Sufuria ikiwa jikoni, mafuta yanaelea juu kwa matone madogo mengi. Iache ikae: tone linagusana na tone, yanakuwa tone moja kubwa, na baada ya muda unaona madimbwi machache mapana. Mafuta hayakupungua hata chembe, ila matone yamekwisha. Nikeli hufanya vivyo hivyo. Huyeyuka kwa nyuzi 1,455, lakini haisubiri kuyeyuka ndipo itembee. Karibu na nyuzi 590 atomu zake huwa tayari zinahama kwa wingi, na mvuke unaziharakisha. Chembe ndogo zinaungana kuwa kubwa. Kazi yote ya kichocheo hufanyika usoni, kwa hiyo chembe zikiungana uso unapungua, na nikeli uliyoinunua kwa gramu inabaki gramu zilezile, imelala tu. Ukoko unaweza kuuchoma. Chembe zilizoungana kuzitenganisha ni shughuli nyingine kabisa.

Kuna na kifo cha sumu. Hiki nilikielewa vizuri zaidi nikiwa nimeketi juu ya tairi kuukuu Rodi Kopany, pale barabara ya Ndhiwa inapochepuka, kwenye gereji ya shemeji yangu. Anatengeneza Probox zinazobeba abiria kwenda Homa Bay na Rongo, zile ambazo mimi mwenyewe nimepanda tukiwa watu tisa na jogoo. Siku hiyo alikuwa amefungua ekzosi na kutoa kitu cha kauri chenye matundu kama sega la nyuki.

“Nyar Sakwa, hiki ndicho mnachofundisha?” aliniuliza. Huniita hivyo, yaani binti wa Sakwa, kwa sababu nilizaliwa huko, upande wa Awendo.

“Ndicho. Hicho ni kichocheo.”

“Zamani mafundi walikuwa wanavitoa na kuvitupa. Petroli ilikuwa inaviua.”

Alisema kweli. Petroli ya zamani ilitiwa risasi, na risasi hiyo ilikwenda kutanda juu ya madini ya thamani yaliyomo kwenye matundu yale, ikashika kila nafasi ya kazi na isitoke tena. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwezi Juni 2001 kuiondoa, na kufikia mwanzo wa 2006 zilikuwa zimeacha, Kenya ikiwemo. Duniani kote ya mwisho kuacha ilikuwa Algeria, 2021. Sababu kubwa ilikuwa afya za watoto, na ilistahili kuwa kubwa, ila ekzosi za magari kutoka Japani nazo zilipona siku hiyo.

Kwa nikeli inayopika ethanoli, sumu inayoogopwa ni salfa. Salfa huing'ang'ania nikeli kuliko kupe na ng'ombe, na sehemu chache tu katika milioni zinatosha kuidhoofisha. Inaweza kuingia kwa milango ambayo hukuitarajia. Viwanda vingi vinavyotengeneza sukari nyeupe ya kawaida husafisha maji ya miwa kwa gesi ya salfa, na molasi ndiyo inayobaki na uchafu wote uliokataliwa na sukari. Kwingineko, Marekani kwa mfano, ethanoli ya mafuta huchanganywa na petroli kidogo ili watu wasiinywe, na petroli hiyo inakuja na salfa yake. Mimi mwenyewe naogopa zaidi zile pombe nzito zinazozaliwa pamoja na ethanoli wakati wa kuchacha, ambazo Dani alizijua kwa harufu mbaya ya bakuli la mwisho na kuziuza kwa bei ya chini. Mkia wao wa kaboni ni mrefu, na kaboni zaidi maana yake ukoko zaidi. Kichocheo hudumu zaidi kwa ethanoli safi ya maabara kuliko kwa kileo ghafi. Aliyefanya majaribio yake kwa chupa ya maabara asituahidi kitu kuhusu molasi ya Awendo.

Shemeji aliligeuzageuza lile sega mkononi. Siku hizi hatupi. Kuna watu wanaopita kununua, kwa sababu ndani yake mna platini, paladi na rodiamu. (Rodiamu haihusiani na Rodi Kopany, ingawa nilitamani iwe hivyo. Jina lake limetokana na neno la Kigiriki la waridi, kwa ajili ya rangi ya chumvi zake.) Nilimwambia kwamba katika sega lilelile kuna dawa mbili za ugonjwa uliozika bomba langu. Ya kwanza ni rodiamu yenyewe, ambayo hukata kaboni vizuri bila kuiyeyusha ndani yake kama nikeli. Mwaka 2004 watafiti wa Minnesota na Ugiriki walichapisha katika jarida la Science kazi yao ya kupata haidrojeni kutoka ethanoli yenye maji kwa rodiamu, huku wakiingiza hewa kidogo ili sehemu ya ethanoli iungue na kutoa joto la kuendesha kazi. Ya pili ni oksidi ya seriamu. Hiyo hukopesha oksijeni kwa kaboni iliyo jirani, kaboni ikaondoka kama gesi, kisha seriamu hulipwa deni lake na mvuke unaopita. Ndiyo kitanda ambacho ningempa nikeli yangu leo badala ya alumina tupu, au ningeituliza alumina kwa magnesia ili asidi yake inyamaze.

“Hiyo rodiamu ni bei gani?” shemeji aliuliza, macho yakiwa kwenye sega. Nilimwambia kwamba mwaka 2021 aunsi moja ilivuka dola 25,000. Alilifunga sega kwa gazeti akaliweka chini ya kiti cha Probox.

Brazili, nchi ya miwa kuliko zote, ndiko ninakotazama. Nissan walionyesha huko mwaka 2016 gari dogo la mizigo linalojitengenezea umeme kutoka ethanoli, na mwaka 2025 Chuo Kikuu cha São Paulo kilizindua kituo cha majaribio cha kutoa haidrojeni kutoka ethanoli ya miwa, takriban kilo 100 kwa siku. Habari za uzinduzi huwa na picha za mabasi na mawaziri. Ninachotaka kusikia mimi ni kichocheo kimebadilishwa mara ngapi.

Muhula uliopita yule mvulana wa nyuma aliniuliza kama alumina iliyogeuka nyeusi tunaitupa. Shule yetu haina pesa za kutupa alumina. Niliitandaza kwenye kigae, nikaichoma kwa moto wa gesi hewa ikiingia, na darasa likatazama weusi ukiondoka kuanzia ukingoni, taratibu, hadi ikawa nyeupe. Walipiga makofi. Niliwaeleza kwamba viwandani hufanya hivyohivyo, ila huko ukoko ukiwaka kwa kasi hutoa joto kali, na joto hilo huziunganisha chembe za nikeli ulizokuwa unajaribu kuziokoa. Ndiyo maana hewa huingizwa kidogokidogo, kwa saa nyingi, mtu akikodolea macho kipimajoto. Chungu cha Dani nacho kilikonda kwa mchanga wangu, mpaka kikavuja.

“Hii yetu tumeichoma mara ngapi, Mwalimu?”

Nilimpa chupa aangalie. Kwenye kifuniko nilikuwa nimepiga vijistari kwa kalamu, akahesabu vinne, akaongeza cha tano. Kisha akaiinua dirishani kwenye mwanga wa ziwa, akaitazama kwa muda, akasema haijarudi nyeupe kama ile ya kopo jipya.

Niliichukua nikatazama. Ilikuwa na ukijivu.